Mchezo wa Wawili Ndio Mhimili: Mhadhara kuhusu Kombe la Billie Jean King

Makocha, manahodha na wapenzi wa tenisi, karibuni.

Mada yetu ni Kombe la Billie Jean King, shindano kubwa la timu za taifa za wanawake katika tenisi. Wengi wenu mlilizoea kwa jina la Fed Cup, lililotumika kuanzia 1995 hadi Septemba 2020. Historia nitaipitia mbio mbio, kwa sababu ninachotaka tukichambue ni kazi ya nahodha, yaani kiongozi anayeita kikosi na kukipanga kama kocha: timu inapangwaje, na kwa nini nchi yenye nyota mkubwa hutolewa na nchi ambayo kwenye karatasi ni dhaifu.

Hazel Hotchkiss Wightman wa Marekani alilitoa wazo la kombe la aina hii mwaka 1919. Halikupokelewa. Kombe alilolitoa yeye likaishia kushindaniwa na Marekani na Uingereza tu, kuanzia 1923. Mataifa mengine yalisubiri hadi 1963, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilipotimiza miaka 50, ndipo timu 16 zikakutana Queen's Club, London. Fainali ilikuwa Marekani na Australia. Margaret Smith alimshinda Darlene Hard, Billie Jean Moffitt (ndiye Billie Jean King wa baadaye) akamshinda Lesley Turner, matokeo yakawa 1-1. Wanne haohao wakarudi uwanjani kucheza wawili wawili, na Marekani ikatwaa kombe kwa seti za 3-6, 13-11, 6-3. Seti ya pili ilifika gemu 24 kwa sababu taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti iliyolingana, ilikuwa bado haijaanza kutumika.

Angalieni basi: tangu fainali ya kwanza kabisa, kombe liliamuliwa na mchezo wa wawili wawili. Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Kuanzia 1995 pambano la nchi mbili lilikuwa na michezo mitano: minne ya mmoja mmoja, kisha wa wawili wawili mwishoni. Ushindi ulihitaji pointi tatu. Nyota alicheza mara mbili peke yake, akaleta pointi mbili kati ya hizo tatu. Akiongeza ya wawili wawili, amemaliza kazi. Ndivyo alivyofanya Kristina Mladenovic wa Ufaransa kule Perth mwaka 2019. Alimshinda Ajla Tomljanovic 6-1, 6-1, siku ya pili akamshinda Ashleigh Barty, namba moja duniani wakati huo, 2-6, 6-4, 7-6, kisha akaingia na Caroline Garcia wakawashinda Barty na Samantha Stosur. Ufaransa 3, Australia 2. Ni miongoni mwa wikiendi bora kabisa ambazo mchezaji mmoja amewahi kulitumikia taifa lake katika kombe hili.

Hatua ya fainali za sasa ina michezo mitatu tu: miwili ya mmoja mmoja na mmoja wa wawili wawili, yote siku moja. Pointi mbili zinatosha. Fanyeni hesabu. Nyota anaweza kuleta pointi moja peke yake, si zaidi. Ya pili lazima itoke kwa namba mbili wa timu, yaani mchezaji wake mwingine wa mmoja mmoja, au kwa jozi. Zamani mchezo wa wawili wawili ulikuwa sehemu moja kati ya tano, leo ni sehemu moja kati ya tatu. Nahodha anayeita kikosi kwa kufuata orodha ya viwango vya mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, halafu akatafuta jozi miongoni mwa waliopo, ameanzia mwisho. Kikosi kina nafasi tano. Jozi ndiyo ipangwe kwanza, kisha nafasi zinazobaki zijazwe.

Tazameni nusu fainali ya 2024 kule Málaga. Poland walikuwa na Iga Świątek, namba mbili duniani. Lucia Bronzetti wa Italia alimshinda Magda Linette 6-4, 7-6. Świątek akasawazisha kwa kumshinda Jasmine Paolini 3-6, 6-4, 6-4, mchezo mzito sana. Kisha Paolini akaingia tena na Sara Errani, Świątek akaingia na Katarzyna Kawa. Italia wakashinda 7-5, 7-5. Errani na Paolini walikuwa wamechukua dhahabu ya Olimpiki mjini Paris miezi michache tu kabla, maana yake walishazoeana hadi kwenye mipira ya presha. Poland walikuwa na mchezaji bora zaidi uwanjani. Italia walikuwa na jozi. Italia wakachukua kombe hilo, na mwaka 2025 kule Shenzhen wakalichukua tena. Huko nako nusu fainali dhidi ya Ukraine ilikwenda hadi mchezo wa tatu, na ni Errani na Paolini walioimaliza.

Sasa tuje kwenye karatasi ya majina. Nahodha huikabidhi saa moja kabla ya mchezo wa kwanza. Namba mbili wa timu hizi hukutana kwanza, kisha namba moja kwa namba moja. Nani ni namba moja si hiari ya nahodha: kati ya wawili aliowataja, mwenye kiwango cha juu duniani ndiye namba moja. Kwa hiyo huwezi kumficha nyota wako akakutane na namba mbili wa wapinzani. Kitu pekee unachoweza kucheza nacho ni uteuzi wenyewe. Ukiwa na wachezaji wa nafasi ya 20, 45 na 60, ukimpumzisha wa 20, yule wa 45 anapanda kuwa namba moja na atakutana na mkali wao. Manahodha wengi husahau hesabu hii wanapotaka kupumzisha mtu.

Nafasi ya namba mbili nayo isijazwe kwa mazoea. Canada mwaka 2023 walimpa Marina Stakusic, binti wa miaka 18 aliyekuwa nafasi ya 258 duniani. Katika fainali alimshinda Martina Trevisan wa Italia 7-5, 6-3, Leylah Fernandez akamalizia dhidi ya Paolini. Lakini wasingefika huko bila nusu fainali, ambako Fernandez na Gabriela Dabrowski waliwashinda Barbora Krejčíková na Kateřina Siniaková wa Jamhuri ya Czech, jozi iliyosheheni mataji makubwa, 7-5, 7-6. Dabrowski ni mtaalamu wa wawili wawili, na mwaka huo huo alikuwa ametwaa taji la US Open. Alikuwa kikosini kwa kazi hiyo.

Majina ya jozi hutajwa mapema, ila nahodha anaruhusiwa kuyabadilisha baada ya michezo ya mmoja mmoja kumalizika. Hapa ndipo makosa hutokea. Nyota ametoka kucheza saa mbili na nusu, ameshinda, uwanja unamshangilia, naye anasema yuko tayari. Msimwulize yeye. Tazameni miguu yake katika gemu nne za mwisho: je, bado alikuwa anapiga hatua ndogo ndogo kabla ya mpira, au alikuwa ananyoosha mkono tu? Je, sevu ya kwanza, yaani mpigo wa kuanzisha mpira, ilikuwa inagonga wavu? Mpira wa sevu unaoanguka wavuni mara kwa mara mwishoni mwa mchezo huwa ni dalili ya mapaja yaliyochoka, mwili hausukumi tena kwenda juu. Aliyechoka hivyo atapoteza gemu anayosevu mapema, na seti ya wawili wawili mara nyingi huamuliwa na sevu moja tu iliyovunjwa, yaani gemu iliyochukuliwa na wanaopokea.

Ukiamua kumwingiza hata hivyo, mwenzake aliyepumzika ndiye aanze kusevu. Aliyechoka anapata gemu mbili zaidi za kupoa kabla ya zamu yake. Kanuni inaruhusu kubadilisha mpangilio wa kusevu na upande wa kupokea kila seti mpya inapoanza, na nashangaa jozi nyingi za taifa hazitumii nafasi hiyo hata pale upepo unapowaadhibu waziwazi. Anayesevu kwa nguvu kidogo asevu na upepo nyuma yake.

Kuhusu sevu dhaifu: si ugonjwa wa kuua. Errani hana sevu kali, na mara nyingine huanzisha kwa mkono wa chini. Sevu kama hiyo hulindwa na mambo mawili: iingie mara nyingi kwenye jaribio la kwanza, na mwenzake wa kwenye wavu asogee. Asisogee mapema mpokeaji akamwona, wala asichelewe. Wakati wa kuondoka ni pale mpokeaji anaposhusha macho kwenye mpira ili apige.

Nahodha hukaa uwanjani, na anaruhusiwa kuzungumza na mchezaji wakati wa kubadilishana upande. Muda huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mapumziko ni sekunde 90, na baada ya gemu ya kwanza ya kila seti wachezaji hubadilishana upande bila kukaa. Seti ya 6-4 ina mabadilishano matano, moja halina kiti, hivyo unabakiwa na vikao vinne, jumla dakika sita. Katika sekunde 90 mchezaji anakunywa maji, anajifuta, anavuta pumzi. Unabakiwa na sentensi mbili. Ya kwanza iwe ya wapi pa kupiga mpira, ya pili iwe ya mpango wa gemu ya sevu inayofuata. Nahodha anayeeleza makosa ya gemu tatu zilizopita anampeleka mchezaji wake uwanjani akiwa anayafikiria yaliyokwisha.

Mwisho, kwa wenye timu zinazoanzia makundi ya kanda. Huko timu hukutana zote kwa zote, na timu zaidi ya mbili zikilingana kwa ushindi, huhesabiwa michezo, kisha seti, kisha gemu. Kwa hiyo mchezo wa wawili wawili mnaoingia mkiwa mnaongoza 2-0 si wa kujaribisha wachezaji ovyo. Seti moja iliyotupwa siku ya kwanza inaweza kuwanyima kupanda daraja siku ya nne. Wapeni akiba nafasi, lakini waingie wakiwa wamefanya mazoezi pamoja kama jozi, angalau siku kadhaa, wakijua nani anachukua mpira wa katikati na nani anarudi nyuma mpira ukirushwa juu.