Amenigonga Kongowea, Kisha Akakataa Hata Kutaja Jina

Assalamu aleikum jamani, hamjambo. Karibuni tena. Wengi mliiona ile picha niliyoweka, ya bampa ya nyuma ya gari la kakangu, mkaanza kuniuliza: pole dada, kwani umegonga nini? Sijagonga. Nimegongwa. Na kugongwa kwenyewe si kitu, bampa ni bampa, hakuna aliyetoka damu, alhamdulillahi. Kilichonifanya niwashe kamera leo ni yule bwana aliyenigonga.

Ilikuwa asubuhi, natoka Bamburi naja mjini Mombasa. Pale Kongowea mnapajua wenyewe: magari hayaendi, yanatambaa, tuktuk zinajipenyeza kila upenyo, mikokoteni ya sokoni nayo inadai haki yake ya barabara. Matatu iliyokuwa mbele yangu ikasimama kushusha watu, nami nikasimama. Nimesimama kabisa, mguu uko kwenye breki, nasikiliza redio. Mara, puu! Kichwa kikaenda mbele kikarudi.

Nashuka, naona gari kubwa jeupe limeniegemea kwa nyuma. Mwenyewe ameshuka na simu sikioni. Hakuniangalia. Alienda moja kwa moja kwenye bampa yake, akalowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kusugua ule mkwaruzo, huku bado anaongea na simu! Alipomaliza kusugua ndipo akaniambia, "Dada, wewe umefunga breki ghafla."

Nikamwambia, ami, mimi nilikuwa nimesimama. Tafadhali nipe jina lako na namba ya simu, na bima yako ni ya kampuni gani, tutoke njiani, watu wanapiga honi. Akacheka. "Kwani wewe ni askari? Leseni yangu naonyesha askari."

Sasa hapo nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunanywea. Leseni, sawa, ana hoja, mimi si askari wa kumkagua. Lakini jina si hisani. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame ajali ikitokea, na akiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, ataje jina lake na anwani yake, ataje na mwenye gari ni nani. Asipotaja, ana wajibu wa kwenda kuripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Na wale mnaodhani haya ni mambo ya Uingereza tu, sheria yao ya barabara ya 1988 nayo inasema vivyo hivyo: simama, taja jina, usipotaja karipoti ndani ya saa 24. Tofauti niliyoiona mimi kule Leicester, Uingereza, ni kwamba watu wanapeana majina kama wanaopeana kadi za harusi, kila mmoja amenuna lakini anaandika. Huku kwetu, mtu akiwa na gari kubwa anaona kutaja jina ni kujishusha.

Samahani, hiyo kelele ni muuza kahawa anapita chini na vikombe vyake. Sitaikata.

Basi mimi sikubishana naye tena. Kwa nini nibishane? Kila nilichokihitaji kilikuwa kimebandikwa kwenye gari lake. Namba ya gari hiyo hapo. Stika ya bima hiyo hapo kwenye kioo cha mbele, ina jina la kampuni, namba ya bima, na tarehe ya kuisha. Nikapiga picha. Kwanza magari yote mawili yakiwa vile vile yamegusana, ili ionekane nani yuko nyuma ya nani na mstari wa barabara uko wapi. Kisha karibu, bampa yangu, bampa yake, ile sehemu aliyoisugua. Kisha stika. Yeye ananipigia kelele, "Unanipiga picha za nini?" Namwambia napiga gari, ami, wewe jisogeze kando. Nilipomaliza nikalitoa gari njiani, maana hakuna aliyeumia. Angekuwepo aliyeumia nisingeligusa mpaka polisi waje.

Na mashahidi! Mombasa hukosi watu. Walikuwa wamejaa, kila mtu hakimu. "Malizaneni hapa hapa!" "Mpe elfu tano aende zake!" Hao wenye sauti kubwa sikuwataka. Nilimtaka kijana mmoja wa madafu, alikuwa amesimama na panga lake hasemi kitu, kisha akaninong'oneza, "Dada, huyu alikuwa anaangalia simu." Nikamuomba namba, akanipa. Nikanunua na dafu.

Kuona hivyo, bwana akabadilika. Akatoa noti: "Shika elfu tatu, tusisumbuane." Hapa najua mtanipinga kwenye maoni, lakini mimi sisemi kumalizana ni haramu. Mkwaruzo mdogo, mkamalizana kiungwana, ni sawa, pengine ni bora kuliko bima, kwa sababu bima nyingi zina kile kiasi unacholipa mwenyewe kwanza mfukoni, eksesi wanaiita, na ukipiga hesabu unaona bora umalizane. Lakini humalizani na mtu aliyekataa kukutajia jina! Na humalizani kabla fundi hajaitoa bampa akatazama ndani. Plastiki inarudi mahali pake yenyewe, unaona hakuna kitu, kumbe chuma cha ndani kimepinda. Mkikubaliana, andikeni: majina, namba za vitambulisho, namba za magari, pesa ngapi za nini, wekeni sahihi. Na pesa apitishe M-Pesa, usichukue noti. Ujumbe wa M-Pesa unakuja na jina lake, ndilo lile lile alilokuwa akilificha.

Nikaenda kituoni. Nikaandikisha, nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, nikaomba abstrakti ya polisi, ile karatasi yao ya kuthibitisha ajali, kwa sababu bima bila abstrakti hawakusikilizi. Na jina la mwenye gari, kama una namba ya gari, linatafutwa kwenye rekodi za NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa ada basi. Kwa hivyo ule ujeuri wote wa barabarani haukumficha.

Halafu iarifuni kampuni yenu ya bima hata kama nyinyi ndio mliogongwa. Kakangu ana bima kubwa, inayolipa hata gari lake mwenyewe, wao watajuana na kampuni ya yule bwana. Wenye thadi pati, ile bima ya kufidia watu wengine tu, mko pagumu kidogo, mnamdai aliyewagonga. Na jueni hili: bima inayolazimishwa na sheria, Sura ya 405, ni kwa ajili ya mtu akiumia au akifa. Bampa yako haimo kwenye ile lazima. Bima yake inaweza kuwa inalipa mali ya watu, tena kwa kiwango fulani, au isiwe. Ulizeni mapema.

Na akikataa kulipa kabisa, msikimbilie kusema "nitapata wapi pesa ya wakili." Kuna Mahakama ya Madai Madogo, hata hapa Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, uharibifu wa mali umo, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Zile picha, abstrakti, risiti ya fundi na kijana wa madafu, hiyo ndiyo kesi yako.

Mtauliza yule bwana aliishia wapi. Askari alimpigia simu, akaja. Sauti imeshuka, "dadangu" kila neno, kampuni ya bima ametaja kabla hajaulizwa, na mkononi amebeba bahasha ya karatasi za gari. Nikamwangalia tu. Sikumwambia kitu, nikanakili nilichotaka nikaondoka.

Asesa wa bima, yule mkaguzi wa kukadiria hasara, anakuja kesho kuliangalia gari, na mpaka aje hakuna kinachoguswa. Fundi wetu wa Saba Saba, najua unaniangalia, umenipigia tangu asubuhi unataka kuifungua hiyo bampa. Fundi, ngoja. Usiifungue!