Kwa Nini Siuachi Wimbo wa "Louie Louie"

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, mmeniuliza mara nyingi kwa nini kila video yangu ya hapa Portland, Marekani, hufunguliwa na wimbo uleule wa zamani wenye kelele, na wapo wanaoamini kwamba najigamba kuwa nimeshageuka Mmarekani. Sivyo hata kidogo.

"Louie Louie", kama vijana wa bendi ya The Kingsmen walivyourekodi katika mji huu huu mwezi wa Aprili 1963, ni wimbo wa mtu aliye mbali na kwao: baharia Mjamaika anamsimulia mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake ng'ambo ya bahari. Mwimbaji wao, Jack Ely, aliimba akiwa ameinua kichwa kuifuata maikrofoni iliyoning'inizwa juu, maneno yakamezwa na gitaa na ngoma. Kisha, gitaa lilipomaliza zamu yake, akaingia mapema, akanyamaza, akaanza upya, na kosa lile likaachwa lilivyo. Wazazi walishuku matusi, FBI, yaani polisi wa upelelezi wa serikali ya Marekani, ikachunguza kwa zaidi ya miaka miwili, ikakiri kwamba maneno hayaeleweki. Kwa maoni yangu, kosa lile ndilo linalowapa vijana wanaofanyia bendi zao kwenye gereji za nyumbani hadi leo ujasiri wa kuupiga.

Linaloniuma zaidi ni habari za mtunzi wake, Richard Berry wa Los Angeles, ambaye aliuza haki za wimbo huo kwa dola 750 kwa kuwa alihitaji fedha za harusi, na wimbo ulipopanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya nyimbo ya Marekani, sehemu kubwa ya mapato ilikwenda kwa wengine. Mimi nami, katika mwaka wangu wa kwanza hapa, nilisaini mkataba wa kazi ambao sikuuelewa, kwa sababu nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba, nikaja kugundua kwamba gharama za sare na usafiri zinakatwa kwenye mshahara wangu. Silalamiki, wala simzuii mtu kusaini, kwa maana kila mmoja ana shida zake. Mimi siku hizi huomba karatasi nikalale nayo kwanza.

Berry alirudishiwa haki zake miaka ya 1980, kwa msaada wa mawakili. Nami, kila barua ya kibali changu inapochelewa, huusikiliza wimbo huu hadi mwisho, pale baharia anapoahidi kwamba akifika kwa mpenzi wake hataondoka tena, kisha huurudisha mwanzo.