Namba Haivuki Mto

Wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokuja na madaftari: nitarudia lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti hapa Mwanza, na sitachoka mpaka tabia hii ikome. Acheni kuwaambia watoto kwamba namba "ikivuka" alama ya sawasawa inabadilika.

Juzi binti wa jirani, yuko kidato cha kwanza, aliniletea kazi ya nyumbani: 3x + 6 = 21. Mstari wa kwanza akaandika 3x = 15. Nikamuuliza, umefikaje hapo? "Sita imevuka, imekuwa hasi." Haya. Mstari wa pili akaandika x = 15 − 3, jibu 12. Kwa nini? "Na tatu nayo imevuka."

Mnamwona? Huyu si mzembe. Ametii alichofundishwa. Aliambiwa kinachovuka kinageuka hasi, akavusha, akageuza. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba 3x ni x tatu zilizowekwa pamoja.

Nikamwambia tufunge daftari, twende kwa mawazo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Mama yake ni muuza dagaa, mizani anaijua tangu anatambaa. Nikamchorea ile ya zamani ya sahani mbili. Sahani ya huku ina mifuko mitatu ya dagaa, yote uzito mmoja, pamoja na jiwe la kilo 6. Sahani ya kule ina mawe ya kilo 21. Mizani imetulia. Nikiondoa jiwe la kilo 6 la huku peke yake, itakuwaje? "Italalia kule." Sasa utafanyaje? "Natoa kilo 6 na kule." Zimebaki ngapi? "Kumi na tano." Mifuko mitatu kilo 15, mfuko mmoja je? Akajibu 5 kabla sijamaliza swali.

Ndipo tukafungua daftari, akaandika alichokifanya: toa 6 pande zote mbili, gawanya kwa 3 pande zote mbili. Kisha akairudisha 5 kwenye swali: tatu mara tano 15, jumlisha 6, ni 21. Ile 12 ya mwanzo ingempa 42. Angehakiki tu, kosa angeliona mwenyewe bila mimi.

Najua kuna mwalimu hapa anayesema moyoni: kuvusha ni njia ya mkato, na mtihani una saa. Mwalimu mwenzangu, mkato unamfaa anayeijua barabara. Mtoto anayeanza ukimpa mkato, siku swali likigeuzwa kidogo anapotea, kama alivyopotea huyu kwenye mstari wa pili. Na jambo la pande mbili sikulizua mimi. Neno aljebra limetoka kwenye kitabu cha Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyekuwa Baghdad karne ya 9. Al-jabr kwa Kiarabu ni kurudishia kilichopungua, neno hilo hilo hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Unachorudishia huku, unarudishia na kule. Hata hii alama ya sawasawa, mwanahisabati Robert Recorde alipoichapisha mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Alichora ulinganifu. Hakuchora kivuko cha Kamanga.

Mabano, upesi. 7 − 2(x − 3) = 5. Wengi huandika 7 − 2x − 6, na hapo ndipo alama zinapopotea. Hasi 2 inazidisha vyote vilivyomo ndani, na hasi 2 mara hasi 3 ni chanya 6. Kwa hiyo 13 − 2x = 5. Toa 13 pande zote, −2x = −8; gawanya kwa −2 pande zote, x = 4. Wengine huanza na 7 − 2 wakapata 5(x − 3). Hapana! Kuzidisha kunatangulia kutoa.

Sehemu: x/2 + x/3 = 10. Zidisha kila kitu kwa 6, na hiyo 10 pia, ndiyo inayosahauliwa: 3x + 2x = 60, x = 12.

Milinganyo ya kipeo cha pili niliiandaa, lakini mwenyekiti ananionesha saa. Wewe binti wa pale nyuma, njoo ushike chaki. Andika 5x − 8 = 2x + 7. Usikokotoe bado. Tuambie kwanza utafanya nini pande zote mbili.