Pauni 300 za Wami'kmaq: Mfuko Uliosimamiwa na Wadeni Wake

Asalamu aleikum, ndugu zangu wa Mombasa na popote mnaponitazama. Leo nazungumza nanyi kutoka Halifax, mji mkuu wa jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, na nimejifunika blanketi hili kwa makusudi, kwa kuwa habari nitakayowaeleza inaanzia kwenye blanketi.

Ardhi ninayoikanyaga ni ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa nchi hii. Katika mikataba ya amani na urafiki waliyofunga na Waingereza, kuanzia ile ya 1725 hadi ya 1760 na 1761, hawakuuza hata shubiri moja ya nchi yao. Mkataba wa 1752, uliotiwa saini na chifu Jean-Baptiste Cope na gavana Peregrine Hopson, uliahidi kwamba kila tarehe 1 Oktoba wangepokea mablanketi, tumbaku, baruti na risasi. Naomba mlishike hilo, kwa sababu miaka tisini baadaye serikali ya koloni ilikuwa ikiyagawa mablanketi kama sadaka kwa maskini, ilhali yalikuwa ahadi iliyoandikwa.

Mwaka 1841 barua ya chifu Paussamigh Pemmeenauweet ilimfikia Malkia Victoria. Mzee yule alieleza kwamba hawezi kulivuka ziwa kubwa kwenda kuzungumza naye, kwa maana mtumbwi wake ni mdogo na yeye mwenyewe ni mzee asiye na nguvu. Kisha akamweleza jinsi watu wake walivyonyang'anywa ardhi na kubaki na njaa. Barua ilishughulikiwa na Wizara ya Makoloni ya London, ile ile ambayo kuanzia 1905 ilishika hatamu za Kenya yetu. Wizara ikamtaka gavana atoe maelezo, na mwaka 1842 baraza la kutunga sheria la Nova Scotia likapitisha sheria ya kuwasomesha na kuwapa makazi Wami'kmaq, ikitenga kiasi kisichozidi pauni 300 kwa mwaka.

Hebu tupige hesabu pamoja. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo pauni 300 ni shilingi 6,000. Wami'kmaq wa koloni hilo walizidi elfu moja, na kwa hiyo kila mtu angeangukiwa na chini ya shilingi 6 kwa mwaka mzima, na humo humo zitoke gharama za blanketi, mbegu, shule na dawa. Viazi vilipooza mashambani katika miaka ya 1840 na maradhi yakaingia vijijini, bili za madaktari zilikuwa miongoni mwa zile zilizoumaliza mfuko huo wa pauni 300. Mwaka 1847 kamishna wa mambo ya wenyeji alikuwa Abraham Gesner, yule yule aliyegundua namna ya kutengeneza mafuta ya taa, ambayo bibi zetu wamesomea Kurani kwa mwanga wake. Hata mtu mwenye akili kama hiyo hakuwa na la kufanya kwa shilingi 6.

Lakini udogo wa fedha si jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 1859 ilipitishwa sheria nyingine, iliyowaruhusu walowezi waliokwisha kuvamia maeneo ya Wami'kmaq kuinunua ardhi hiyo hiyo, na malipo yao yaingie katika mfuko wa wenyeji. Wavamizi wakapata uhalali, na wengi wao hawakumaliza kulipa. Katika koloni jirani la New Brunswick, sheria ya 1844 ilikuwa imekwisha kufungua mlango wa kuuza maeneo ya namna hiyo kwa faida ya wenyeji, lakini gharama za wapimaji na makamishna zilikatwa kwanza.

Nani angewadai walowezi? Kamishna wa kwanza wa Nova Scotia, Joseph Howe, alikuwa bingwa wa hoja kwamba serikali iwajibike kwa wawakilishi wa wananchi, na mwaka 1848 koloni hilo likaipata serikali ya namna hiyo kabla ya makoloni mengine yote ya Uingereza. Wami'kmaq hawakuwa na sauti katika baraza lile. Wenye sauti walikuwa walowezi, wakiwemo wadeni wa mfuko wenyewe, na sijaona mwanasiasa anayepeleka madalali kwa wapiga kura wake. Sisi tunamjua msimamizi wa mirathi anayekula mali ya yatima. Hapa msimamizi alichaguliwa na watu waliokuwa wakimnyang'anya yatima ardhi yake na kumnyima fedha zake.

Mwaka 1867 mambo ya wenyeji yalikabidhiwa kwa serikali ya shirikisho ya Kanada, na deni halikulipwa kwa kubadilisha ofisi.

Tangu 1986 tarehe 1 Oktoba huadhimishwa hapa kuwa Siku ya Mkataba. Mwaka jana nilihudhuria, nikasimama kando ya bibi mmoja wa Kimi'kmaq. Nilimwamkia, akaniuliza kama kwetu nako kulikuwa na mikataba na Waingereza. Nikamsimulia ukanda wa maili 10 wa mwambao wetu, ambao kwa makubaliano ya 1895 Waingereza waliuendesha kwa kumlipa Sultani wa Zanzibar kila mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajitengeneza blanketi mabegani, kisha akaniuliza kama katika fedha hizo watu wa Mombasa walipata chochote.