Jinsi ya Kutofautisha Antennaria za Mashariki mwa Marekani

Mimea hii mifupi inayotanda ardhini kama mkeka, yenye vichwa vya maua vilivyobanana kama vidole vya paka, ni Antennaria, jamaa ya alizeti. Huchanua majira ya kuchipua. Leo tunatenganisha spishi tano. Shika rula ya milimita na lenzi ya kukuza mara 10.

Kwanza, liache ua. Chuma jani moja lililokomaa kutoka chini kabisa, kwenye fundo la majani, uligeuze. Hesabu mishipa mikuu inayotoka kwenye kikonyo na kupanda pamoja kuelekea ncha. Usitumie jani la shina: ni jembamba, na halitakuonyesha tofauti hii. Wengi hupotea hapo.

Mshipa mmoja tu? Una neglecta au howellii. Tazama majani ya juu ya shina. Ya neglecta huishia na kipande kikavu, bapa, kama kibendera. Ya howellii mengi yana ncha iliyochongoka tu, isipokuwa yaliyo karibu na vichwa. Tembea pia ukitafuta mimea dume: howellii huzaa mbegu bila kuchavushwa, kwa hiyo utakuta majike matupu.

Mishipa mitatu hadi mitano? Hesabu vichwa. Shina lenye kichwa kimoja peke yake ni solitaria, kazi imekwisha.

Vikiwa kadhaa, zimebaki plantaginifolia na parlinii, na hapa usiharakishe. Lazima upime kichwa cha mmea jike. Dume ana chavua, na chini ya lenzi nywele zake za ua zimevimba nchani kama vipapasio vya kipepeo; ndiko lilikotoka jina Antennaria. Jike ana nywele nyembamba hadi mwisho. Simamisha rula kandokando ya kichwa, upime kuanzia kitako hadi ncha za vijani vidogo vinavyokizunguka. Milimita 5 hadi 7 ni plantaginifolia. Zaidi ya 7, hadi 10 na kupita, ni parlinii. Ukipima dume, ambaye vichwa vyake ni vidogo, parlinii itageuka plantaginifolia mkononi mwako.

Kipimo kikiangukia 7 kamili, pima mikeka mingine. Mkeka mmoja kwa kawaida ni mmea mmoja uliotambaa, kwa hiyo vichwa 10 vya mkeka huo ni ushahidi wa mmea mmoja.

Parlinii ina nususpishi mbili. Jani changa likiwa kijani na laini upande wa juu, ni parlinii yenyewe. Likiwa na manyoya ya kijivu, ni fallax. Nimesema changa, maana manyoya hupukutika kadiri kiangazi kinavyosonga.

Ukikuta majani yameshonwa pamoja kwa nyuzi, yaache. Ndani mna kiwavi wa kipepeo Vanessa virginiensis, anayeutegemea mmea huu. Chuma jani la mkeka wa jirani.