Ile mechi ya Usos na akina Sami Zayn: nawajibu mnaouliza kila siku

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni mliotutangulia. Video ya leo sikuipanga, nimesukumwa na maoni yenu. Naweza kupandisha video ya kodi ya nyumba, naweza kupandisha ya bei ya mchele, chini lazima nikute mtu anauliza: "We si uko Marekani, hebu tuambie, mashabiki wa huko wanasemaje kuhusu ile mechi ya Usos na Sami Zayn na Kevin Owens? Kweli ilistahili kufunga WrestleMania?" Kabla sijajibu, mwingine ameshanijibia: "Huyo anataka tu tujue anaishi karibu na uwanja."

Kwa mgeni: hii ni mieleka ya WWE ya Marekani. Usos ni mapacha Jimmy na Jey, Sami na Kevin Owens ndio walikuwa wapinzani wao, na WrestleMania ndilo onyesho kubwa la WWE la mwaka. Sasa tuelewane mapema. Hakuna aliyesema alikuwa uwanjani. Hapa hakuna kuringa, na nikitaja bei msiseme nalia njaa. Mmeuliza mashabiki wanabishania nini, nitawaambia wanabishania nini, na pale nitakapoweka maoni yangu nitasema ni yangu.

Hadithi ya Sami na Bloodline, kundi la Usos na ndugu yao Roman Reigns ambalo Sami alikuwamo kabla hajaligeuka, siirudii. Fulana ya kundi aliyopewa mnaijua, kiti alichompiga Roman kwenye onyesho la Royal Rumble mnakijua, machozi ya kushindwa Montreal mnayajua. Twende usiku wenyewe: Jumamosi, 1 Aprili 2023, SoFi Stadium, Inglewood, California. Kwenu Afrika Mashariki onyesho lilianza saa 9 usiku wa kuamkia Jumapili, na ilikuwa Ramadhani. Watu wa Pwani mliokuwa macho kwa daku mliuona mwanzo vizuri, lakini mechi ya mwisho imeingia kumeshaanza kukucha, wengi mmesharudi kulala. Nadhani ndiyo maana swali haliishi. Mnaikumbuka kwa vipande vya simu.

Bishano la kwanza ni hilo la kufunga onyesho. Kuna kundi kubwa huku linasema mechi bora ya usiku ule ilikuwa ya Rhea Ripley na Charlotte Flair, na ndiyo ilitakiwa ikae mwisho. Sio watu wa kuwadharau. Ukitazama mchezo mtupu, kipigo kwa kipigo, hoja yao inasimama, na mimi mwenyewe ile ya wanawake naiweka juu kidogo kwa ufundi. Lakini mechi ya mwisho haichaguliwi kwa ufundi peke yake. WrestleMania ya kwanza kabisa, 31 Machi 1985 pale Madison Square Garden, ilifungwa na mechi ya wawili wawili, Hulk Hogan na Mr. T dhidi ya Roddy Piper na Paul Orndorff, ila haikuwa ya kugombea mkanda wa ubingwa. Mikanda ya timu kufunga WrestleMania, hiyo ilikuwa mara ya kwanza 2023. Na waliokuwa nayo hawakuwa watu wa kuokoteza: Jimmy na Jey walikuwa na mikanda ya SmackDown, kipindi kimoja cha WWE, tangu 18 Julai 2021, siku 622, wakaipita rekodi ya timu ya New Day ya siku 483, na ya Raw, kipindi cha pili, wakawa wameibeba pia. Mtu anayesema mechi za timu ni za kujaza muda, usiku ule alikosa pa kushika.

Sasa bishano la pili ndilo lenye utamu, na hapa naomba mvumilie, kwa sababu wengi mnaoniandikia "refa alikuwa kipofu" hamjaangalia kona.

Mmoja wa kila timu anapigana ndani, mwenzake anasubiri. Pale konani mwa ulingo kuna kipande kifupi cha kamba kimefungwa. Yule mwenzako anayesubiri lazima asimame juu ya ukingo, nje ya kamba kubwa, mkono mmoja umeshika kile kipande. Zamu inabadilika kwa kugusana, na refa aone. Asipoona, hakuna kilichobadilika, hata kama uwanja mzima umeona. Wakishagusana, anayetoka ana hesabu ya tano awe nje. Sheria ndiyo hiyo tu, lakini tazama inavyofanya kazi. Ulingo wa WWE una futi 20 kila upande, kama mita 6. Timu mbili zinakaa kona zinazotazamana kimshazari, kwa hiyo kutoka kona ya adui hadi kwa mwenzako ni karibu mita 8 na nusu. Na mwenzako hawezi kukufuata, amefungwa na kile kipande cha kamba, anachoweza ni kunyoosha mkono. Hizo mita nane ndizo mnazolipia. Steringi anatambaa, anakaribia, vidole vinakaribia kugusana, adui anamvuta mguu. Ondoa ile kamba, mwenzake angeingia tu, na mechi ingekuwa vurugu ya sokoni.

Usos wanaijua kazi hiyo kuliko timu yoyote ya kizazi chao. Angalia tena wanavyofanya. Kwanza wanamkata mtu, wanahakikisha hakai upande wa mwenzake. Wanabadilishana haraka haraka, mmoja akipumua mwingine anapiga. Kisha mmoja anamchokoza yule aliye nje, anamtukana, anampiga kibao. Yule anapandwa na hasira, anaingia. Refa anageuka kumzuia, na huku nyuma ndugu wawili wanamtwanga mtu mmoja kwa raha zao. Kwa hiyo anayeingia kwa hasira kumsaidia mwenzake ndiye anayempa adui nafasi. Refa si kipofu, refa ametegwa. Nyumbani tunalaani refa, huku shabiki mzoefu anamlaani Owens: "Tulia bwana, rudi kwenye kamba yako!"

Kinachoharibu mechi nyingi za namna hii ni kipimo. Kipigo kikiwa kirefu mno watu wanapoa, wanaanza kutazama simu. Kikiwa kifupi, mguso ukija hauna moto, mtu anaingia anapiga watu na hakuna aliyemkosa. Na refa akiachia ile hesabu ya tano kila mara, inakufa. Mwisho hakuna anayejali nani ni halali na nani si halali. Wakongwe huku wanalalamika sana kuhusu hilo, hasa kwa mechi za AEW, kampuni pinzani ya WWE. Ukiwatajia ile ya Young Bucks dhidi ya Kenny Omega na Adam Page, Chicago, 29 Februari 2020, nusu ya chumba watasema ni mechi bora ya timu kuwahi kufanyika Marekani, nusu watauliza refa alienda wapi. Na ukimtajia shabiki wa miaka ile mechi ya timu tatu ya TLC pale Houston, Edge na Christian, akina Hardy, akina Dudley, atakuambia hakuna iliyoifikia. Ilikuwa 1 Aprili 2001, miaka 22 kamili kabla ya hii. Nzuri, sikatai. Ila kule hakuna kugusana, ni ngazi, meza na viti, wote sita ndani. Hizo ni mechi za aina mbili. Usilinganishe.

Kwenye hii ya SoFi, kwa dakika karibu 24, lawama ya wakongwe ni kwamba karibu na mwisho mambo yanavunjika, wote wanne wanakuwa ndani na refa anaangalia tu. Ni kweli. Mimi nawasamehe kwa sababu moja: kabla ya hapo sheria iliheshimiwa. Ukishaona mtu amefungwa na kamba kwa muda wa kutosha, kuvunjika kwake kuna maana. Ikivunjika tangu dakika ya pili, umeibiwa.

Halafu kumalizika. Helluva Kick ya Sami ni teke la usoni kwa mtu aliyeegemea kona, na linahitaji mbio. Yaani anahitaji nafasi tupu ya ulingo na sekunde kadhaa bila mtu kumgusa. Dhidi ya timu, huwezi kupata nafasi hiyo kama mwenzao yuko mzima. Ndiyo maana Stunner, pigo kuu la Owens, kwa Jimmy ni muhimu kuliko watu wanavyoihesabu. Ile ilisafisha njia. Baada ya hapo Jey yuko peke yake konani, na Sami hampigi moja akaridhika. Anapiga, anamtazama, anapiga tena, kisha anambandika mabega chini, mechi imekwisha, mikanda ni yao. Mnaosema "alimpiga mtu aliyekwisha" hamkutazama nyuso zao.

Nilitaka niwaonyeshe hicho kipande. Siwezi. Ukiweka hata sekunde chache za picha za mechi, mtandao huu unaitambua yenyewe, video inafungwa au pesa ya matangazo inaenda kwa mwenye haki. Halafu mtu anaandika "video haina picha, umezembea." Basi nisaidieni kulipa wakili, niweke picha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye pesa, tumalizane nayo. Wengi mnadhani huku kutazama ni bure. Wakati wa mechi ile, kwa Marekani, WrestleMania ilikuwa kwenye mtandao wa Peacock, dola 4.99 kwa mwezi. Kijana wa ghala aliimudu. Kuanzia Septemba 2025 maonyesho makubwa yamehamia ESPN, na huduma yao kamili ya mtandaoni ilianza kwa dola 29.99 kwa mwezi. Raw nayo iko Netflix tangu Januari 2025, hiyo ni bili nyingine. Mashabiki wa huku wanagombana kuhusu hilo kuliko wanavyogombana kuhusu nyota Cody Rhodes. Silalamiki, naeleza bei.

Tiketi. Tangu Mei 2025 wauzaji wa tiketi wanalazimika kuonyesha bei yote mwanzoni, ada zikiwa ndani. Zamani unaona bei nzuri, unafika ukurasa wa mwisho imevimba. WrestleMania ni usiku mbili na ni tiketi mbili, msidanganywe na picha ya tiketi moja. Na hili liandikeni mahali: tiketi nyingi kubwa siku hizi ziko kwenye programu ya simu, na zile alama za kuskani zinabadilika kila baada ya sekunde chache. Picha ya skrini haifungui geti. Mtu akikuuzia tiketi kwa kukutumia picha WhatsApp, umenunua picha. Tiketi halali inahamishwa ndani ya programu, kutoka akaunti yake hadi yako, na unaiona kwako kabla hujatoa hela. Mkoba nao uwe wa plastiki inayoonyesha ndani. Wa kawaida unaachwa nje, na kuuhifadhi unalipia.

Viza, jamani, viza. "Kaka niandikie barua ya mwaliko nije WrestleMania." Barua yangu haina nguvu mnayoidhania. Ya utalii unajaza fomu ya DS-160 mwenyewe, ada ni dola 185, na ukinyimwa hairudi. Afisa anataka kuona una sababu ya kurudi nyumbani: kazi, biashara, familia, masomo. Kununua tiketi ya mieleka kabla ya viza ni kujitafutia presha, na tiketi haimshawishi mtu. Masharti ya ziada kwa baadhi ya nchi zetu yanabadilika kila mara, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa nchi yako, usinisikilize mimi wala mjomba wako. Kila mtu na hali yake. Aliyepata hana siri, na aliyenyimwa hana mkosi. Msije kusema "yule wa video alisema."

Mlioko Ghuba nyie mlikuwa na bahati yenu: 27 Mei 2023 Sami na Owens walitetea mikanda Jeddah dhidi ya Roman Reigns na Solo Sikoa, na Sami akawasalimia watu kwa Kiarabu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa haendi maonyesho ya Saudia. Huku mashabiki wengi wanaiweka ile kama mwisho halisi wa hadithi, kwa sababu baada yake utawala ulififia. Mikanda iliondoka Pittsburgh, 2 Septemba, kwa Finn Bálor na Damian Priest. Siku 154. Wanaosema "Sami na Owens walikuwa watu wawili wa peke yao waliounganishwa tu" wanaitumia hiyo kama ushahidi. Utawala ulikuwa mwepesi, sawa, lakini hilo haliifuti mechi.

Mimi ushahidi wangu uko upande mwingine. Tazameni WrestleMania 40, Philadelphia, 2024, Jimmy dhidi ya Jey. Ndugu wale wale, mateke yale yale ya kidevuni, na karibu kila shabiki ninayemsoma huku aliiponda. Kwa nini? Hakuna kona ya kukimbilia. Hakuna mita nane. Ujuzi wao mkubwa ulikuwa kumfungia mtu asimfikie mwenzake, na ukiwatenganisha huo ujuzi hauna pa kufanyia kazi.

Haya, kuna moja sijalijibu na naona mnaligombania wenyewe kwa wenyewe. Jey ndiye aliyepigwa pini, yaani kubandikwa mabega chini, si Jimmy. Mwaka 2025 huyo huyo Jey akashinda Royal Rumble, lile pambano la watu thelathini, kisha Aprili akamlazimisha bingwa Gunther kusalimu amri Las Vegas na kuchukua mkanda wa dunia. Wapo wanaosema ile pini ya SoFi ndiyo ilimfungulia njia, kwa sababu watu walimwona akiumia. Wapo wanaosema ilitakiwa apigwe Jimmy ili Jey alindwe. Mimi niko na wa kwanza. Andikeni chini mko wapi, na tafadhali anayetaka barua ya mwaliko asiandike hapo.