Sisi Tunaunga Mwisho, Wao Wanaunga Mwanzo: Maharage ya Kusini mwa Marekani

Haya jamani karibuni, mliosimama mlangoni ingieni viti bado vipo. Hiyo harufu mnayoisikia inatoka kwenye ile sufuria pale jikoni, nimeibandika tangu saa nne asubuhi na sasa hivi ni saa sita kasoro, kwa hiyo nikiwa naongea nitakuwa nakatisha kidogo naenda kuichungulia, mtanivumilia.

Nimeombwa niongelee maharage ya huku Kusini. Wengi wetu tuko hapa Texas mwaka wa tano, wengine wa kumi, na haya maharage tunayaona kila siku, kantini ya kazini yapo, kwenye migahawa ya nyama ya moshi yapo, ukialikwa kwa jirani yapo pembeni ya sahani, na bado nasikia watu wetu wanasema hawa hawajui kupika maharage, maji matupu, hayajaungwa. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sasa leo nataka niwaambie yameungwa, tena yameungwa kuliko ya kwetu, ila yameungwa mahali ambapo sisi hatuangalii.

Angalieni sisi tunavyofanya. Unachemsha maharage matupu mpaka yaive, halafu ndo unaanza kuunga, kitunguu kwenye mafuta, nyanya, hoho, karoti, mtu wa Pwani anamalizia na tui zito. Tamu sana, sijaja hapa kuyasema vibaya maharage ya nazi, nimekulia hayo. Lakini ladha inakuja mwisho, harage limeshashiba maji haliingizi tena kitu kikubwa, kwa hiyo ladha inakaa kwenye rojo, nje ya punje. Wao wanaunga mwanzo. Kila chenye ladha kinaingia kwenye maji ya kwanza wakati harage bado gumu, nyama ya moshi, kitunguu, kitunguu saumu, jani la bay, pilipili manga, halafu vinakaa motoni pamoja masaa mawili matatu. Harage linapokunywa yale maji linakunywa na vilivyomo. Ukilitafuna ladha inatokea ndani. Na ule mchuzi ambao sisi tunauona maji maji ndo chakula chenyewe, huwezi kuumwaga, wanaukombeleza na mkate wa mahindi mpaka bakuli linang'aa.

Mimi nilifunzwa na bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Mississippi. Mwaka wangu wa pili hapa nilipigiwa simu usiku kwamba baba amefariki, na nauli ya kwenda kuzika sikuwa nayo. Mnajua hiyo hali, wengi humu mmeipitia, unakaa na msiba ndani ya apatimenti, hakuna turubai, hakuna watu wa kulala nao chini. Kesho yake mchana mlango ukagongwa, yule bibi ameshika sufuria kwa matambara mawili, akaingia moja kwa moja akaiweka kwenye jiko, akanipakulia bila kuniuliza kama nina njaa. Maharage ya pinto na kipande cha mkate wa mahindi juu yake. Baadaye ndo nikajua huku Kusini kwenye nyumba iliyofiwa watu hawaji mikono mitupu, wanakuja na vyungu vyao vya chakula. Na sisi msibani tunakula nini? Si wali maharage? Nilikula yale maharage nikalia kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Ndo maana hili jambo siliongelei kama mapishi tu.

Haya, turudi kwenye sufuria. Pinto ni yale ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, yana michirizi ya kahawia, jina lenyewe kwa Kihispania ni kitu chenye madoa. Mkenya akiyaona atasema haya ni yale maharage yao ya Mwitemania, na hajakosea sana, ni jamii hiyo hiyo. Ukiyapika madoa yanapotea yote yanakuwa ya hudhurungi. Mfuko wa ratili moja, kama gramu 450, unatosha watu sita mpaka nane kama kitoweo cha pembeni. Chagua mawe, hata haya ya supamaketi yana vijiwe, nimeona kwa macho yangu. Halafu loweka usiku kucha, na kwenye maji ya kulowekea tia chumvi, vijiko vitatu vya mezani kwa lita 4 hivi, asubuhi unayamwaga hayo maji unasuuza.

Najua mnashangaa kuhusu chumvi, tumefundishwa na mama zetu kwamba chumvi inayafanya maharage yawe magumu. Hapana. Ganda la harage limeshikwa na madini ya kalsiamu na magineziamu, chumvi inakuja kuchukua nafasi yake kidogo na ganda linalainika, linaiva bila kupasuka ovyo. Kinachogomesha maharage ni uchachu, nyanya, limau, siki. Hili nililipata kwa machungu. Mwanzoni nilivyoambiwa huku wanaunga mwanzo nikajumlisha kila kitu, nikatia nyanya nne za kuiva toka saa ya kwanza, nilikuwa na wageni jioni, masaa manne motoni harage bado linagonga meno, wageni wakala wali na kachumbari. Nyanya kama unaipenda iingie harage likishalainika. Na maji yenye chokaa nyingi nayo yanachelewesha, ndo maana kwetu watu wanatia magadi. Hapa unaweza kutia magadi soda robo kijiko cha chai, isizidi, ikizidi maharage yanateleza kama sabuni na vitamini B1 inaharibika.

Sasa nyama. Kwa kawaida huku wanatia kifundo cha mguu wa kitimoto kilichokaushwa kwa moshi. Ukikiangalia unaona hakina nyama ya maana, ni ngozi, mfupa na mishipa, lakini hiyo ngozi na mishipa ikikaa kwenye maji ya moto masaa matatu inayeyuka, inaupa mchuzi ule uzito wa kushika midomo, kama supu ya kongoro iliyolala. Hii haikuanza kwa anasa. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandika mwaka 1845 kwamba mtumwa mzima alipewa ratili 8 za nguruwe kwa mwezi, au samaki wa kiasi hicho, na kapu moja la unga wa mahindi. Ratili 8 hazifiki hata kilo 4, mwezi mzima, mtu anayefanya kazi ya shamba toka alfajiri. Ukiwa na nyama kiasi hicho hauli nyama, unaifanya iungie sufuria zima. Hicho ndo ninachokiona kila nikitumbukiza kile kifundo, akili ya watu walionyimwa wakaifanya nyama kidogo itoshe watoto wote.

Waislamu wenzangu msiondoke, hii si habari ya nguruwe peke yake. Weusi wengi wa huku siku hizi wanatumia bata mzinga, shingo, bawa au mguu, umekaushwa kwa moshi vile vile, na yule bibi mwenyewe baada ya kuambiwa na daktari kuhusu presha alihamia huko. Iliyopo kwenye sufuria ile ni mguu wa bata mzinga wa halali, nimeufuata kwenye bucha yetu. Kama huna kabisa, mafuta kidogo, paprika ya moshi na kitunguu ulichokikaanga mpaka kikawa kahawia, inakaribia.

Ngojeni niichungulie. Bado kidogo.

Moto: kwanza unachemsha kwa nguvu, dakika 10 zima zima, maji yafunike maharage vidole vitatu juu. Halafu unapunguza mpaka unaona povu moja moja linapanda taratibu, mfuniko unauacha mwanya. Maji yakipungua ongeza ya moto, usiongeze ya baridi. Usikoroge koroge na mwiko, yanapondeka. Karibu na mwisho unachota upawa mmoja unauponda ubavuni mwa sufuria unaurudisha, mchuzi unashikana. Chumvi ya mwisho subiri mpaka nyama imetoa yake, maana ina chumvi nyingi tayari, onja ndo utie.

Hapo kwenye kuchemsha kwa nguvu naomba mnisikilize vizuri hasa wenye yale majiko ya umeme ya kupikia taratibu, unatumbukiza asubuhi unaenda kazini. Maharage mekundu makubwa mabichi yana sumu, kitaalamu inaitwa fitohemaglutinini, punje nne tano tu mbichi zinatosha kumtapisha mtu. Moto wa kuchemka kweli kweli unaiua. Lakini ukiyapasha mpaka nyuzi 80 tu, na yale majiko mengine hayapandi zaidi ya hapo, sumu inaweza kuongezeka mpaka mara tano badala ya kupungua. Kwa hiyo loweka masaa matano au zaidi, mwaga maji, chemsha kwenye jiko la kawaida, shirika la chakula na dawa la Marekani linasema nusu saa, ndo uyahamishe. Pinto ina sumu kidogo kuliko mekundu lakini mimi sibagui, yote nayachemsha.

Na nikitaja mekundu lazima niitaje New Orleans, kule Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, kufua kwa mkono siku nzima, mama hana nafasi ya kusimama jikoni, anachukua mfupa wa nyama ya Jumapili anautumbukiza kwenye maharage na kitunguu, selari na hoho ya kijani, anaacha moto mdogo anaendelea na nguo. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, mtoto wa mji ule, aliyapenda mpaka barua zake alikuwa anaziwekea saini ya maharage mekundu na wali. Wali maharage, ndugu zangu. Mtu wa Tanga akisoma hiyo barua anajua anaongea na mwenzake.

Kuna kitu kimoja kinanigusa sana. Haya maharage, pinto, mekundu, yote asili yake ni bara hili, Mexico na milima ya Andes, yalifika kwetu baada ya Wareno kuanza safari zao, sisi tukayafanya chakula cha shule, cha jeshi, cha msiba, mpaka mtoto wa Mbeya anajua ni ya babu yake. Na kunde ambayo asili yake ni Afrika ilivuka bahari upande wa pili pamoja na watu waliobebwa kwa minyororo, na leo huku Kusini mwaka mpya haujaingia mpaka watu wale kunde na wali. Pembeni wanaweka majani yanaitwa collard, nendeni mkayaangalie sokoni, ni sukuma wiki ile ile. Mara ya kwanza nimeona ile sahani, kunde, wali, sukuma na kipande cha mkate wa mahindi, nilisimama nayo kwenye foleni nikamwangalia mwenzangu.

Kwenye kula, haya ya pinto weka kitunguu kibichi kilichokatwa juu, na achari ya kabichi na nyanya za kijani, wao wanaiita chow-chow, uchachu wake unaukata ule uzito wa mchuzi. Hapo sasa ndo siki inaruhusiwa, mezani. Mkate wa mahindi wanauoka kwenye kikaango kizito cha chuma, kikaango kinapata moto kwanza na mafuta ndani ndo uji unamiminwa, utasikia unachachatika, ule ukingo wa chini unakuwa mgumu kama ukoko. Na ukoko hapa najua tutaugombania.

Haya, mama pale mbele njoo unisaidie. Chukua kijiko, chota punje mbili tatu, usile, zipulize. Ndivyo yule bibi alivyonionyesha, ukipuliza ganda likachanika na kujikunja kama karatasi, limeiva, lisipochanika rudisha mfuniko. Puliza tena. Mnaona? Linajikunja. Bakuli ziko kwenye lile boksi karibu na dirisha, wazee na watoto waanze.